Diski Tano za Mazishi ya Gathoni

Mimi nilisema tangu mwanzo kwamba ile kompyuta ya pengwini itatuletea maneno. Nilisema, na nani alinisikiza? Mimi ni Auma wa cherehani, fundi wa nguo, najua nini? Haya. Kaa hapo nikuambie ilivyokuwa, halafu useme mwenyewe ni nani aliyeiokoa ile Jumamosi. Nikijisifu kidogo nivumilie, nimengoja mtu wa kumwambia.

Duka letu liko Gatongora, hapa Ruiru. Ni chumba kimoja tumekigawanya kwa pazia. Upande wa barabarani ni wangu: cherehani mbili, meza ya kukatia, na sweta za shule zinazoning'inia mpaka mlangoni. Upande wa ndani ni wa Waithira, na Waithira anapiga video. Harusi, ruracio za kupeleka mahari, ubatizo, lakini zaidi ni mazishi, kwa sababu vijana wakioana siku hizi wanaita vijana wenzao wenye kamera za kuruka angani. Wafu bado ni wa Waithira.

Ana miaka hamsini na minane na hajui kukaa. Chai anainywa ikiwaka, ati kungoja ipoe ni kupoteza wakati. Akipiga simu anatembea, akila anatembea, ukimwona amekaa chini ujue ni mgonjwa. Alianza kazi hii na ile kamera kubwa ya kubeba begani, msichana peke yake kati ya wanaume, na wanaume walimcheka mpaka siku walipoona picha zake hazitikisiki. Asipokuwa na kamera mkononi, mtu mzima anahangaika kama kuku anayetafuta pa kutaga. Akiishika, anatulia kabisa. Hiyo ni karama, na mimi simsifu mtu ovyo.

Kuna kitu kimoja lazima ukijue kumhusu, maana ndicho kilichotuletea shida yote. Miaka mingi iliyopita, kabla mimi sijahamia Ruiru, Waithira alichanganya diski. Alichoma video za mazishi mawili kwenye diski siku moja, akampa huyu ya yule na yule ya huyu. Familia moja ya upande wa Gatundu ikakusanyika na mchungaji, wakaomba, wakawasha deki, na kumbe aliyelala kwenye jeneza ni mtu mwingine kabisa. Mjane alipiga nduru. Waithira aliitwa mbele ya wazee akaomba msamaha, na mbuzi akatoa. Kutoa mbuzi hakukumuuma. Kilichomkaa rohoni ni jinsi yule mjane alivyomtazama.

Kuanzia siku hiyo akajiwekea sheria. Kabla hajachoma diski yoyote ya mazishi, kwanza anaibandika sura ya marehemu. Anaikata picha kwa mkasi wangu, ile karatasi nene ya kung'aa, anaipaka gundi, anaigandisha upande mmoja wa lile tundu la katikati. Upande wa pili wa tundu anaandika jina kwa kalamu. Sura kwanza, kuchoma baadaye. Diski isiyo na sura haiingii kwenye mashine yake. "Mtu mwenye uso hapotei," alikuwa akisema. Na kweli, miaka yote hiyo hakupoteza mtu tena.

Sasa kompyuta. Ile ya zamani ilikufa mwezi wa tatu, ikafa pamoja na mashine yake ya kuchomea, ambayo ilikuwa ya polepole ajabu lakini haikuwahi kukataa kazi. Ndipo akaja Kinuthia. Kinuthia ni fundi wa kompyuta kule Juja, mwanaume wa hamsini hivi, ana upara na fulana yenye picha ya pengwini, na huyo mtu anahubiri. Wengine wanahubiri wokovu, yeye anahubiri Linux. Ati ni mfumo wa kompyuta wa bure, nembo yake huyo pengwini, hauna virusi, umetengenezwa na watu wa dunia nzima, na ukitaka unaufungua unaona hadi utumbo wake. Akamwekea Waithira huo, na akamfungia mashine ingine ya kuchomea, ya kasi.

"Cha bure ghali," nilimwambia uso kwa uso.

"Mama, hii si bure ya kuokota," akanijibu akicheka. "Ni bure ya kupewa."

Miezi miwili ikapita. Kila mteja alikuwa anataka video yake kwa simu au kwa flash, Waithira hakuchoma diski hata moja. Ndiyo maana hatukujua tuna ugonjwa ndani ya nyumba.

Alhamisi moja akaingia Lynn. Lynn ni binti wa Mzee Gachau wa Kalimoni. Mama yake, Gathoni, alikuwa amezikwa wiki tatu nyuma, na Waithira ndiye aliyepiga video. Hata mimi nilikuwa na mkono kwa hayo mazishi, nilishona vitambaa vya kichwa vya akina mama wa kanisa, zambarau yenye ukingo mweupe, arobaini na viwili kwa siku tatu. Watoto wote walishapata video yao. Mtu mmoja tu hakuwa amemzika Gathoni, na huyo ni mumewe. Mzee Gachau alianguka siku ile ile aliyopewa habari, akavunjika nyonga, na siku mke wake anateremshwa kaburini yeye alikuwa kwenye kitanda cha hospitali Thika, ameshonwa, hawezi hata kugeuka.

"Anti, anatoka Jumamosi," Lynn alisema. "Na amekataa kulala."

"Amekataa kulala namna gani?" Waithira akauliza, na tayari alikuwa anazunguka meza.

"Amesema hawezi kulala kwa kile kitanda chao mpaka aone mama alivyolazwa. Daktari amesema lazima alale, wiki sita, akikaakaa ile nyonga itaharibika tena, na hawatamfungua mara ya pili na hiyo miaka yake. Nimemwambia hivyo. Anasema basi atakaa kwa kiti." Lynn akaanza kulia. "Nilimwonyesha kwa simu. Akaangalia, akaniambia hao ni siafu. Akaniuliza, 'Nyinyi mlimzika mama yenu, ama mlimtupa?' Aki anti, mimi sijui nifanye nini."

Macho ya mzee ni mabovu, simu haioni. Nyumbani ana televisheni kubwa ya kizamani, ile yenye mgongo, na deki ya zamani isiyo na mahali pa kuchomeka flash. Kwa deki hiyo ana kitufe kimoja anachokijua, na anakijua kwa kidole. Mimi nikasema si Waithira abebe kompyuta yake tumwonyeshe. Lynn akatikisa kichwa. "Akimaliza atataka kurudia, na kesho atataka kurudia. Anataka yake mwenyewe."

"Jumamosi mchana utakuwa nayo," Waithira akasema.

Lynn akapangusa macho. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Na ile sehemu mchungaji anamwita baba, si unaweza kuitoa?"

Mchungaji alikuwa mgeni, hakuwa ameambiwa. Ilipofika kutupa udongo, aliita kama desturi ilivyo: mume wa marehemu aje wa kwanza. Hakuna aliyetoka. Watu wakatazamana. Sekunde kumi na tatu nzima za kimya, mpaka mtu akamnong'oneza mchungaji, naye akaita watoto. Waithira alizipiga zote kumi na tatu.

"Hiyo siitoi," akamwambia Lynn. "Kwa video yote, baba yako yuko mahali hapo tu."

Lynn akachukua mkoba wake akaenda. Mimi niliona Waithira amekosea kumjibu mtoto wa watu hivyo, na nikamwambia.

Diski zilikuwa tano. Tano tu, zimebaki kwa pakiti ya zamani. Jioni hiyo Waithira alizunguka Thika yote akitafuta zingine, na kila duka la karatasi walimtazama kama ameulizia mafuta ya taa ya kupigia nywele pasi. Mmoja alimwambia, "Mama, hizo ziliisha na wenyewe." Akarudi na miguu imevimba na mikono mitupu.

Ijumaa asubuhi akabandika sura ya Gathoni kwa diski ya kwanza, akaitia ndani. Kompyuta ikasema haioni mashine yoyote ya kuchomea. Haioni! Na mashine imekaa hapo mbele, imemeza diski. Waithira akampigia Kinuthia huku akitembea kutoka pazia hadi mlangoni.

"Si kosa la mashine," Kinuthia akasema, na Waithira ameiweka simu kwa sauti kubwa hata mimi nasikia. "Jina lako haliko kwa kikundi cha watu wanaoruhusiwa kuigusa. Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri."

"Mimi? Siruhusiwi kugusa kitu changu?"

"Mama, fungua dirisha jeusi."

Akamsomea maneno herufi kwa herufi, Waithira akayaandika kwa kidole kimoja, akatoka kwenye kompyuta, akaingia upya. Kweli, mashine ikaonekana. Nikasema angalau. Ile mistari ikaanza kujaa, asilimia kumi, thelathini, hamsini, na Waithira anaitazama kama sufuria ya maziwa. Ilipofika themanini na nne ikasimama. Maneno mekundu yakatokea: kuandika kumeshindikana. Akaitia ile diski kwenye deki tunayojaribia, deki ikaitema.

"Themanini na nne," Waithira akasema. "Unajua hapo ni wapi? Hapo ndipo jeneza linaanza kushuka."

Nyimbo zote zilikuwa zimeingia. Hotuba zote za waheshimiwa, saa nzima na robo ya wanaume wanaojisifu mbele ya maiti, zimeingia bila shida. Gathoni mwenyewe ndiye amekataliwa. Yawa! Nikamwambia akate hizo hotuba zote atupe. Akasema kuikata na kuipika upya hiyo video kutachukua siku nzima kwa ile kompyuta, na vile vile mazishi hayakatwi.

Kinuthia kwa simu akasema apunguze kasi. Mashine imezoea kukimbia, aiambie itembee. "Haraka haraka haina baraka," akamwambia, na mimi nikamwambia Kinuthia hizo methali aziwekee kanisa lake la pengwini. Diski ya pili ikabandikwa sura, ikapunguziwa kasi, ikaingia. Safari hii ilichukua muda mrefu, na ikafika tisini na moja kabla ya kukwama.

"Hapo mchungaji anaita," Waithira akasema. Alikuwa amejishika kichwa.

Halafu akafanya kitu ambacho bado sijakisahau. Alivuta pazia kwa nguvu, akanitazama mimi.

"Ni hiyo cherehani yako."

"Nini?"

"Inatikisa ukuta. Inatikisa meza. Na inavuta stima. Zima, Auma."

Nilikuwa na sweta kumi na nane za kumaliza, shule inafungua Jumatatu, na mtu ananiambia nizime. Nilimwambia maneno. Nilimwambia hiyo cherehani imelisha watoto watatu, imezika mume, na haijawahi kuharibu kitu cha mtu. Nilimwambia kama mfumo wake wa bure hauwezi kukaa chumba kimoja na sindano, aupeleke ukaishi Runda kwa matajiri. Yeye naye akaniambia mimi nina kelele hata nikinyamaza. Tulifika hapo. Mwishowe nilizima, kwa hasira, nikakaa na mikono yangu mapajani kama mgeni. Diski ya tatu ikaingia kwenye kimya kitupu. Ikafa kwa themanini na tisa.

Hakuniomba msamaha siku hiyo. Na mimi sikumpa chai.

Jumamosi saa tatu asubuhi Kinuthia akaja mwenyewe na gari lake la Probox, maana nadhani jina la pengwini lilikuwa linaharibika Gatongora yote na nilikuwa nasaidia kulieneza. Akafungua mashine, akapangusa lile jicho la ndani la kusomea diski kwa pamba na spiriti, akasoma maandishi ya makosa mstari kwa mstari. Akasema mfumo hauna kosa, unasema kweli tupu: unapeleka kazi, mashine inashindwa kuishika ikikaribia ukingo wa diski. Ila kwa nini inashindwa, hausemi. Kabla hajamaliza, simu ya Waithira ikalia. Ni Lynn.

"Tumefika Kalimoni. Amekaa kwa veranda. Amekataa hata kuingia ndani." Akavuta pumzi. "Anti, mguu umeanza kufura. Unakuja saa ngapi?"

"Nakuja," Waithira akasema. Akakata simu akasimama katikati ya chumba akizitazama zile diski mbili zilizobaki.

Mimi nilikumbuka wangu. Mume wangu tulimzika Ugenya mvua ikinyesha, hakuna aliyepiga picha hata moja, na hadi leo kuna siku naamka nikifikiri yuko kazini. Hasira yote ya Ijumaa ikaniisha. Nikainuka nikamtilia Waithira chai, akaishika bila kuinywa.

Kinuthia akasema tusichome diski ya nne kwanza. Akasema huu mfumo una njia ya kuigiza: unafanya kama unachoma, diski inazunguka, kila kitu kinapita, lakini moto wenyewe hauwashwi, kwa hivyo diski haiharibiki. Waithira akatoa diski ya nne kwa pakiti akaitia hivyo hivyo, nyeupe, haina sura, kwa sababu ni maigizo tu, hakuna marehemu ndani. Tukangoja. Themanini na nne ikapita. Tisini na moja ikapita. Mia! Kinuthia akapiga makofi kama mtu ameona roho.

"Haya, sasa ya kweli."

Waithira akaitoa diski ileile, akakata sura ya Gathoni, akaipaka gundi, akaibonyeza vizuri kwa kidole gumba, akaandika jina, akaipuliza ikauka. Akaitia. Ikaanza kuzunguka.

Na mimi nikasikia.

Sikiza, mimi nimekaa na mashine miaka thelathini. Gurudumu la cherehani likishikwa na uzi upande mmoja, silioni, nalisikia. Linalia tofauti. Maigizo yalikuwa yamepita kwa sauti moja, shiii, laini. Sasa ilikuwa inalia vuu, vuu, vuu, na kadiri inavyosonga ndivyo inavyozidi. Na meza ilikuwa inatetemeka chini ya kikombe cha chai, cherehani yangu imezimwa!

"Simamisheni," nikasema.

"Mama, ikishaanza haisimamishwi," Kinuthia akasema.

Ikafika themanini na tano, ikafa. Kinuthia akaanza kusema ni moto wa mashine, jicho limechoka, maana kwenye maigizo moto haukuwaka. Ana akili huyo mtu, lakini nilimkatiza.

"Na sura?"

"Sura gani?"

"Kwenye maigizo diski ilikuwa uchi. Sasa ina picha imegandishwa upande mmoja, karatasi nene na gundi. Upande mmoja mzito, mwingine mwepesi. Wewe fanya gurudumu la gari lako hivyo, uone kama utafika Juja."

Kinuthia akaichukua ile diski iliyokufa, akaitia kidole kwenye tundu, akaizungusha. Ikayumba, ikasimama, na sura ya Gathoni ikaishia chini. Akaizungusha tena. Sura ikashuka chini tena. Akaniangalia.

"Ile mashine ya zamani ilikuwa ya polepole," akasema taratibu. "Ilivumilia. Hii inazunguka kwa nguvu. Ukingoni ndiko diski inakoyumba zaidi. Ndiyo maana nyimbo zinaingia na mwisho unakataa." Akajipiga upara. "Na mimi hata sikuangalia upande wa juu wa diski. Nilikuwa nasoma maandishi tu."

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema, na nilisema nikitabasamu, sitakudanganya.

Lakini Waithira hakutabasamu. Alikuwa ameshika diski ya tano, ya mwisho, na mkono mwingine ameshika sura ya mwisho ya Gathoni, imekatwa tayari.

"Siwezi," akasema.

"Waithira."

"Siwezi kuchoma mtu bila uso. Nilifanya hivyo mara moja. Wewe hukumwona yule mwanamke, Auma. Mimi ndiye niliyetazamwa."

"Hapa kuna diski moja," nikamwambia. "Moja, na marehemu mmoja. Utamchanganya na nani?"

"Basi nichome, halafu nibandike baadaye."

Kinuthia akatikisa kichwa. "Deki ya mzee nayo itaizungusha. Itayumba kule pia, ikwame palepale."

Alisimama hapo, na mimi nilijua tukimsukuma atakataa, Waithira ni hivyo. Miaka yote hiyo ile karatasi ilikuwa ndiyo inamlaza usingizi. Nikaenda upande wangu wa pazia. Chini ya meza ya kukatia nina gunia la vipande, na humo kulikuwa na kile kitambaa cha zambarau chenye ukingo mweupe. Nikakata mraba mara mbili, nikawasha cherehani, na hakuna aliyeniambia nizime. Dakika kumi. Mfuko mdogo wa kuingia diski moja, na mbele yake nikashona kwa uzi mweupe, herufi kubwa: GATHONI. Nikamwekea Waithira mkononi, nikachukua ile sura nikaitia ndani ya mfuko.

"Uso wake huu, na jina lake hili," nikasema. "Atalala humu. Sasa choma."

Aliutazama ule mfuko muda mrefu. Halafu akageuka akaitia diski, uchi, kwa mara ya kwanza tangu lile jambo la Gatundu. Shiii, ikazunguka. Hakutembea. Alisimama mbele ya kioo akihesabu kwa midomo, themanini na nne, themanini na tisa, tisini na moja. Hapo alifumba macho. Kinuthia ndiye aliyesema, "Mia. Imefunga." Tuliitia kwenye deki yetu, tukaruka hadi mwisho, na jeneza likashuka.

"Ngai," Waithira akasema, akanikumbatia kwa nguvu hadi pini za kifuani kwangu zikamdunga. Akasema pia kwamba kelele ya cherehani yangu si mbaya sana. Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yangu, niliichukua.

Kalimoni tulifika na Probox ya Kinuthia saa nane kasoro. Mzee alikuwa bado kwenye veranda, kwenye kiti cha mbao, koti na kofia, mguu umefura hadi kiatu hakifungi. Uso wake ulikuwa wa maumivu na ukaidi. Hakutusalimu. Waithira alipiga goti mbele yake, akampa ule mfuko kwa mikono miwili.

Alipapasa zile herufi kwa kidole, moja moja. Alitoa sura, akaileta karibu na jicho, akairudisha. Halafu akasema aingizwe sebuleni, na Lynn na Kinuthia wakambeba na kiti chake. Deki akaiwasha mwenyewe. Kile kitufe kimoja.

Nyimbo zikaimba. Waheshimiwa wakasema, akawatazama bila kupepesa, hata wale waongo. Lynn alileta chai, hakuna aliyekunywa. Waithira alikaa kwenye kiti kando yake, mikono magotini, na alikaa hapo saa mbili nzima bila kuinuka.

Jeneza likashuka. Skrini ilikuwa kubwa, uliona hata maua. Halafu sauti ya mchungaji: mume wa marehemu aje wa kwanza.

Lynn aliziba mdomo. Kwenye televisheni watu walitazamana, zambarau zangu zote arobaini na mbili zimeinama, na kimya kikaanza. Nilikuwa nahesabu. Nilifika nne.

"Nĩ niĩ," mzee akasema. "Ndĩ haha."

Ni mimi. Niko hapa. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine. Akainua mkono wa kulia, ulikuwa umefumbwa, akaunyoosha kuelekea kioo, akaufungua pole pole. Aliuacha hapo mpaka mchungaji alipoita watoto. Nililia, na sioni haya kusema. Hata Kinuthia alitoka nje akajifanya anaangalia tairi.

Alitazama watoto wake wakitupa udongo mmoja mmoja, Lynn wa mwisho. Alitazama makoleo mpaka kaburi likajaa na maua yakapandwa juu. Kisha akabonyeza kitufe, akaitoa diski, akaipangusa kwa ukingo wa koti, akairudisha ndani ya mfuko.

"Walimlaza vizuri," akasema. Akamgeukia Lynn. "Sasa nilazeni na mimi."

Tukamshika, mimi huku na Waithira kule, tukampeleka chumbani tukamlaza upande wake wa kitanda.